Baiskeli tatu, bajeti moja: kisa cha binamu yangu na njia ya msituni

Binamu yangu aliponiambia anataka baiskeli ya mlimani, alikuwa ameshaichagua. Alinitumia picha yake: nyekundu, matairi manene, shokapu mbele na nyuma, breki za diski, gia 21. "Kaka, na bado nabakiwa na chenji," akaandika. Nikamwomba asilipe chochote mpaka twende tukaione pamoja.

Shughuli nzima ilichukua wiki tatu. Naisimulia kwa kirefu kwa sababu baiskeli kama ile nyekundu inanunuliwa kila siku, na baada ya miezi sita unaikuta imeegemezwa ukutani, rimu imepinda, mwenyewe ameshaamini kwamba mchezo huu haumfai. Hilo linaniuma. Mtu anajilaumu kwa udhaifu wa chombo.

Tuanze na mpandaji. Ana urefu wa sentimita 163 na uzito wa kilo 60, na hakuwa amepanda baiskeli tangu shuleni. Njia aliyoipenda ni mzunguko wa kilomita 14: kipande cha lami, kipande kirefu cha barabara ya vumbi, kisha kijia cha msituni chenye mizizi, kokoto, mpando mmoja mkali na mteremko wa karibu kilomita nzima. Kabla ya kuzungumzia baiskeli yoyote niliipita njia hiyo kwa miguu. Kikwazo kikubwa nilichokikuta ni mzizi uliofanya ngazi ya sentimita kama 20 kushuka. Hakuna mahali pa kuruka, wala yeye hana nia ya kuruka. Anataka saa mbili za kujinyoosha mwishoni mwa wiki, arudi mzima.

Bei kamili sizitaji. Bajeti yake yote tuiite 100. Humo nilitoa 12 kwanza kwa ajili ya helmeti, pampu, tyubu ya akiba na seti ndogo ya spana za mfukoni. Mtu akizihesabu mwisho hazinunui, na pancha ya kwanza inamkuta kilomita saba kutoka nyumbani. Kwa hiyo baiskeli yenyewe ilikuwa na 88.

Ile nyekundu ilikuwa na bei ya 62. Kwa mbali inavutia kweli. Nilibonyeza kiti kwa nguvu nikaachia ghafla: nyuma ikaruka juu, ikashuka, ikaruka tena. Shokapu ya maana ina vitu viwili, springi na kizuizi cha mafuta kinachopunguza kasi ya springi kurudi. Hii ilikuwa na springi peke yake. Kwenye mizizi mitatu mfululizo, springi ya namna hiyo inamrusha mpandaji wakati anahitaji tairi lishike ardhi. Juu ya hapo inabeba uzito. Tulichukua mizani ya kupimia watu, binamu akasimama juu yake bila baiskeli, kisha akiwa ameinyanyua: tofauti ilikuwa kilo 18 na kidogo. Hiyo ni karibu theluthi ya uzito wake mwenyewe, na kila mpando atausukuma kwa miguu yake.

Nikamwonyesha kitu ambacho wanunuzi wengi hawakitazami. Kwenye bomba la kiti, chini kabisa, kulikuwa na kibandiko chenye namba 2. Namba hizo zinatokana na mpangilio wa ASTM, shirika la viwango, wa kugawa baiskeli kwa matumizi. Namba 1 ni barabara ya lami. Namba 2 inaongeza barabara za kokoto na njia laini, tairi likiachana na ardhi kwa kimo kisichozidi sentimita 15. Namba 3 ndiyo inayoanza kuruhusu njia mbovu zenye vikwazo, kwa kimo cha chini ya sentimita 61. Baiskeli iliyotengenezwa ifanane na ya mlimani, mtengenezaji mwenyewe alikuwa ameandika kwenye fremu kwamba si ya mlimani. Mzizi wetu wa sentimita 20 ulikuwa umeshapita kiwango chake.

"Lakini ina gia 21," binamu akasema. Ile ya kijivu tuliyokuwa tumeiona dukani siku iliyotangulia ilikuwa na 16 tu.

Hapa nilikaa naye kwa muda, kwa sababu idadi ya gia ndiyo inayouza baiskeli mbovu kuliko kitu kingine chochote. Tulihesabu meno. Nyekundu ilikuwa na sahani tatu mbele, ndogo ikiwa na meno 24, na nyuma jino, yaani duara la meno, kubwa kuliko yote lilikuwa la meno 28. Ukigawa 24 kwa 28 unapata 0.86. Gurudumu lake la inchi 26 likizunguka mara moja linasogea mita 2.07 hivi, kwa hiyo katika gia nyepesi kuliko zote mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza baiskeli mita 1.77. Ya kijivu ilikuwa na sahani mbili, ndogo ya meno 22, na nyuma hadi meno 34. Hiyo ni 0.65, na ingawa magurudumu yake ni makubwa zaidi, ya inchi 27.5, mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza mita 1.41 tu. Kwenye mpando, baiskeli yenye gia chache ndiyo nyepesi, kwa tofauti kubwa. Zile 21 nyingi zinajirudia: sahani ya kati na jino fulani inatoa karibu mwendo ule ule wa sahani kubwa na jino lingine. Ukiwa dukani, hesabu meno ya sahani ndogo ya mbele na ya jino kubwa la nyuma, kisha gawa. Chini ya 0.7 utapanda ukiwa umeketi. Ikikaribia 1, jiandae kushuka na kusukuma.

Kuna tatizo lingine lililojificha katikati ya gurudumu la nyuma la ile nyekundu. Baiskeli ya bei ya chini huwa na friwili, seti ya meno ya nyuma inayofungwa kwa kuzungushwa kama skrubu kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Kwa mpangilio huo gololi za upande wa kulia zinakaa ndani, kushoto kwa meno yote, na kipande kirefu cha ekseli kinabaki kimening'inia bila kushikiliwa mpaka kifike kwenye fremu. Kila ukigonga jiwe, kipande hicho ndicho kinachopokea. Ekseli inapinda, gurudumu linaanza kuyumba, fundi anabadilisha, inapinda tena. Kwenye habu ya kaseti, ambayo meno yake ya nyuma huchomekwa, mashine ya kuzungusha ni sehemu ya habu yenyewe na gololi za kulia zinasogezwa nje, karibu na fremu. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha, lakini kwa mtu anayeingia msituni ina thamani kuliko shokapu ya nyuma ya aina ile.

Nyekundu tukaiacha. Kwa anayepita barabara tambarare tu isingekuwa dhambi kuinunua, ingawa hata yeye angenufaika zaidi na baiskeli rahisi isiyo na shokapu yoyote.

Baiskeli ya tatu, nyeusi iliyotumika, ndiyo iliyonisumbua mimi. Ilikuwa na miaka tisa, magurudumu ya inchi 26, shokapu za hewa mbele na nyuma zenye mwendo, yaani nafasi ya kubonyea, wa milimita 120. Ilipokuwa mpya ilikuwa baiskeli ya gharama kubwa, na sasa mwenyewe aliitaka kwa 80. Ukiipanda unahisi tofauti papo hapo. Inatulia. Binamu alizunguka nayo mara moja akarudi akitabasamu, na nakiri kwamba moyo wangu pia ulikuwa upande huo.

Nikaishika breki ya mbele na kuisukuma mbele na nyuma: kichwa cha usukani kilikuwa kizima, hakuna kulegea. Nikapitisha ukucha kwenye nguzo za shokapu ya mbele kutafuta mikwaruzo, sikukuta. Nikachunguza maungio ya kuchomelewa chini ya kichwa cha usukani na kuzunguka bomba la kiti, ambako nyufa za alumini huanzia. Fremu safi. Kisha nikamwomba binamu anyanyue kiti taratibu huku nimeweka vidole kwenye kiungo cha shokapu ya nyuma. Nikasikia tiki. Akashusha, tiki nyingine. Beringi za viungo vya nyuma zilikuwa zimekwisha. Cheni nayo: viungo 12 kamili vya cheni mpya vina urefu wa inchi 12 sawasawa, yaani milimita 304.8. Hii ilikuwa imezidi kwa zaidi ya milimita 3, ambayo ni zaidi ya asilimia 1. Cheni ikifika hapo huwa imeshakula na kaseti, kwa hiyo hubadilishi kimoja.

Muuzaji alikuwa mkweli: hakuwahi kuifungua shokapu ya nyuma. Shokapu za hewa zinahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kwa wastani kila baada ya saa 50 za kupanda, na matengenezo makubwa baadaye. Tukampigia fundi anayeaminika, tukamsomea orodha: beringi, cheni, kaseti, huduma ya shokapu mbili. Jibu lilikuwa 30. Themanini na thelathini ni mia na kumi, na bado zile 12 za helmeti na pampu. Jumla 122.

Ingekuwa yangu ningeinunua. Nina vifaa, naweza kufungua shokapu mezani kwangu, na kazi yenyewe naipenda. Binamu hana vifaa hivyo wala hamu hiyo. Baiskeli ya zamani iliyokuwa ghali inaendelea kudai matunzo ya baiskeli ghali hata ikiuzwa kwa bei ya chini, na tairi zuri la inchi 26 kwa njia za msituni linazidi kuwa adimu tangu watengenezaji wahamie 27.5 na 29. Kama muuzaji angekuwa na baiskeli ya miaka mitatu au minne yenye shokapu ya mbele tu, mjadala ungeishia hapo hapo. Aina hiyo ikitumika vizuri ndiyo nunuzi bora kwa mtu wa bajeti. Tuliitafuta kwa wiki mbili kwa kimo chake, hatukuipata.

Ikabaki ya kijivu. Bei 84. Fremu ya alumini, shokapu ya mbele tu yenye mwendo wa milimita 100, kaseti yenye maduara manane ya meno, breki za mafuta, matairi ya upana wa inchi 2.25, uzito kama kilo 14 na nusu. Namba ya kibandiko: 3. Haina kitu cha kumwonyesha jirani. Sababu yangu kuu ya kuipendekeza ilikuwa fremu. Kichwa chake cha usukani ni kipana chini kuliko juu, umbo linalokubali shokapu za kisasa, ingawa iliyofungwa ni ya bei ndogo yenye shina nyembamba. Mtu wa bajeti ndogo atabadilisha tairi, atabadilisha tandiko, siku moja atabadilisha shokapu. Fremu habadilishi. Kwa hiyo fedha niliyo nayo leo naiweka kwenye fremu, habu na breki, na vinavyokwisha vyenyewe kwa matumizi viwe vya kawaida tu.

Breki nilizisimamia kwa nguvu zaidi. Mchezo huu wenyewe umezaliwa na shida ya breki. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walikuwa wakishuka milima kwa baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kukanyaga pedali kinyume. Ikifika chini, grisi ya ndani ya habu ilikuwa imeungua ikawa moshi, na habu ililazimika kufunguliwa na kupakwa grisi upya. Njia hiyo wakaiita Repack, kwa sababu ya kazi hiyo ya kupaka upya, na mbio za kwanza hapo zilifanyika Oktoba 1976. Miaka hamsini baadaye swali la mteremko ni lile lile: vidole vyako vinaweza kuisimamisha baiskeli mpaka mwisho bila kuchoka?

Breki ya waya inayokaza diski inafanya kazi, lakini waya unavutika, pedi zinaisha, na kila baada ya muda inabidi ukaze kwa mkono. Breki ya mafuta inajirekebisha pedi zinapoisha, na inahitaji kidole kimoja. Kwa binamu hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu vidole vyake ni vifupi. Mpini wa breki una skrubu ndogo inayousogeza karibu na usukani. Tuliizungusha mpaka ncha ya kidole cha shahada ikakaa kwenye ukingo wa mpini bila kujinyoosha, vidole vingine vitatu vikiwa vimeshika usukani. Nilimwona mabega yakishuka. Kazi ya dakika mbili.

Kimo kilitupa shida kidogo. Kwa sentimita 163 yuko mpakani mwa saizi ndogo na ya kati. Ya kati ilikuja na magurudumu ya inchi 29, ndogo na 27.5. Muuzaji alisukuma ya 29 kwa hoja kwamba gurudumu kubwa linapita juu ya mizizi kwa urahisi, na hoja hiyo ni ya kweli. Lakini binamu aliposimama amepitisha miguu pande mbili za bomba la juu, nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo mno, na akiketi alikuwa amenyoosha mikono kama anayesukuma toroli. Saizi ndogo ilimpa sentimita tano za usalama na viwiko vilivyokunjika. Ukikosea saizi hakuna kifaa cha kuongeza kitakachokuokoa.

Alilipa 84, akanunua vifaa kwa 12, akabaki na 4. Nikamshawishi atumie sehemu ya hiyo 4 kwa kipande kidogo cha alumini, kile sikio kinachoshikilia kibadili gia cha nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kiwe laini ili baiskeli ikianguka kipinde chenyewe na kuiokoa fremu. Kila fremu ina umbo lake la sikio, na ukilihitaji baada ya miaka mitatu huenda usilipate.

Sasa nieleze nilipokosea.

Wiki ya kwanza alirudi na viganja vimekufa ganzi. "Kaka, inanipiga mikono, na kwenye kokoto inateleza." Nikapima matairi. Pembeni mwa tairi pameandikwa psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 30 hadi 65, nasi tulikuwa tumeichukua dukani ikiwa na 55 mbele na nyuma. Tairi gumu kiasi hicho linadunda juu ya kila kokoto. Kwa uzito wake tukashuka hadi 32 nyuma na 30 mbele, mpaka wa chini kabisa ulioandikwa, kwa sababu bado anatumia tyubu na tairi laini mno linabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa. Mabadiliko hayo hayakugharimu kitu, na kwa maneno yake ilikuwa kama amepewa baiskeli nyingine. Nilipaswa kuyafanya siku ile ile tulipoitoa dukani.

Ganzi ilipungua, haikuisha. Nikafunga kamba ndogo ya plastiki kwenye nguzo ya shokapu, ikabana kidogo, ikasukumwa chini kabisa. Shokapu ikibonyea, kamba inapandishwa na kubaki pale ilipofika. Baada ya mzunguko mzima, pamoja na mteremko na ule mzizi, kamba ilisimama kwenye milimita 41. Katika 100. Zaidi ya nusu ya shokapu aliyoilipia haikuwahi kufanya kazi. Shokapu za bei ndogo hutumia springi ya chuma iliyokadiriwa kwa mpandaji mzito kuliko yeye. Ile nobu ya juu inayozungushwa inabadilisha tu mkazo wa kuanzia. Ugumu wa springi yenyewe unabaki pale pale. Mimi nilihesabu meno, nikapima nyufa, nikasahau kumweka mwanamke wa kilo 60 juu ya springi. Tulipata springi laini ya shokapu ile ile, tukaibadilisha wenyewe. Kamba sasa inafika 78, na ganzi imekwisha.

Yaliyofuata ni mambo ya kawaida. Mwezi wa tatu ilimwangukia upande wa kulia na sikio likapinda. Aliliona kwa sababu kwenye gia ya mwisho kibadili gia kilianza kugusa spoki. Akaacha kupanda, akafunga lile la akiba. Angeendelea, kibadili gia kingeingia kwenye spoki na kung'oa kila kitu. Mara nyingine alipuliza mafuta ya cheni ya kopo la kupulizia, yakamwagikia diski, breki ikapiga kelele na kupoteza nguvu. Pedi zilizokunywa mafuta hazirudi, alinunua mpya. Siku hizi anatia mafuta tone kwa tone, upande wa ndani wa cheni, na kufuta yaliyozidi.

Miezi saba imepita. Wiki iliyopita aliniuliza kama sasa anunue shokapu ya hewa. Nikamtazama tairi la mbele: vinundu vya pembeni vimelika, na ndivyo vinavyomshikilia kwenye kona. Tumekubaliana aanze na hilo tairi, la 2.35, mpira laini, la mbele peke yake. Lile la mbele la sasa linahamia nyuma, ambako kuteleza kidogo hakumwangushi.